Sura ya 4: Ng'ombe Ambaye Sikumsikia

Bibi aliyenipokea Nangara alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, akichambua mawe kwa vidole bila kuyatazama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaketi karibu naye. Nyuma ya nyumba ng'ombe wawili walikuwa wanacheua. Ng'ambo ya mji wa Babati, Mlima Kwaraa ulikuwa umejifunika wingu. Nikamwuliza, "Bibi, kwa Kigorowa ng'ombe mnamwitaje?"

Akatamka neno fupi. Nikalirudia. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Hapana, mjukuu wangu. Hujalisema. Sikiliza tena."

Akalisema tena, polepole, huku akinionyesha mdomo wake. Nikajaribu tena. Akatikisa kichwa, akamwita mjukuu wake wa kike, mtoto ambaye bado hajaanza shule. "Mwambie mgeni ng'ombe anaitwaje." Mtoto akalitoa neno mara moja, safi, kisha akakimbia kurudi mchezoni. Nami nilibaki pale bila kuweza kusema kama nilichosikia kilianza na s, na sh, au na l.

Kwa Kiiraqw, lugha ndugu ya Kigorowa, neno hilo huandikwa slee. Msomaji ambaye hajawahi kukanyaga Manyara ameshakutana na sauti hiyo, pengine bila kujua. Mwaka 2010, Dkt. Willibrod Slaa alipogombea urais, jina lake lilitajwa kila siku redioni, na karibu sisi sote tulilitamka kwa s ikifuatiwa na l. Kwa Wairaqw, ambao wengi wetu huwaita Wambulu, herufi hizo mbili ni sauti moja tu. Ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno na kuziba njia ya katikati, hewa ikajipenyeza kwa msuguo pembeni mwa ulimi. Taifa zima lilitamka jina la mtu kwa miezi, na sauti ya kwanza ya jina hilo haikusikika.

Swali la sura hii limetoka kwenye kigoda kile: pale nilipofika mwisho wa kusikia, ni nini hasa kilichokuwa kimeniwekea mpaka? Maumbile ya sauti yenyewe? Sikio langu? Au kitu kingine?

Tuanze na kile ambacho sikio linaweza. Linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linapima lini na linapima ipi. Kwenye lini, ni kali kuliko jicho kwa mbali. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kila sekunde, na jicho linaona mwendo mmoja usiokatika. Gonga meza mara 24 kwa sekunde, na sikio litakwambia kwamba hayo ni mapigo, moja baada ya jingine. Ukichukua mvumo wa redio isiyoshika stesheni na kuukata kimya kwa milisekunde 2 au 3, yaani sehemu mbili au tatu za elfu za sekunde, msikilizaji mwenye masikio mazima atatambua kwamba palikuwa na pengo. Na masikio mawili yakishirikiana, mambo yanazidi. Bodaboda ikipita nyuma yako gizani unajua imetokea mkono gani, kwa sababu sauti imefika sikio moja kabla ya lingine. Tofauti hiyo haifiki hata milisekunde moja, kwa kuwa kichwa cha mtu si kipana, na wasikilizaji wazuri hutambua tofauti ya kiasi cha sehemu kumi za milioni za sekunde.

Kwenye ipi, yaani sauti iko juu au chini kiasi gani, sikio halibaki nyuma. Kipimo ni hezi: idadi ya mawimbi yanayopita kila sekunde. Kijana mwenye afya husikia kuanzia kama hezi 20 hadi 20,000. Mpigie sauti ya hezi 1,000, kisha ya hezi 1,003, kila moja kwa muda wa kutosha, na wengi wataona kwamba ya pili iko juu kidogo. Mwalimu wa kwaya anayesimama mbele ya sauti nne na kumnyooshea kidole mtu mmoja wa besi aliyeshuka anafanya kazi hiyo hiyo kila Jumapili.

Lugha nazo zinaishi kwenye vipimo hivi viwili, na Kiswahili chenyewe ni shahidi. Mwulize mzee wa Mombasa au Unguja atamke paa la nyumba, kisha paa wa porini. Kwa mnyama, midomo ikiachana hutoka pumzi kwanza, ndipo sauti ya irabu ianze. Kwa nyumba, irabu huanza papo hapo. Maana mbili zimetenganishwa na kucheleweshwa kwa sauti kwa sehemu chache tu za mia za sekunde. Sisi wa bara wengi tumeiacha tofauti hiyo, tunategemea muktadha. Au chukua barabara ya lami na kazi iliyofanyika barabara: herufi ni zile zile, kinachobadilika ni silabi inayoinuliwa na kuvutwa.

Huko Babati matumizi ni mapana zaidi. Wanaisimu huja eneo hili kutoka mbali, kwa sababu katika Bonde la Ufa la Tanzania hukutana lugha za makundi manne yasiyofanana. Kuna Kigorowa na Kiiraqw za Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, Kirangi na Kimbugwe za Kibantu, na upande wa Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda wako Wahadza, na kusini, kule Chemba, Wasandawe, ambao konsonanti zao nyingi ni vidoko. Kirangi kina toni, jambo ambalo Kiswahili kimelipoteza. Kiiraqw hubeba kazi za sarufi kwenye kupanda na kushuka kwa sauti mwishoni mwa neno. Kisha kuna sauti za kupasua kwa koo lililofungwa, kama ile inayoanza jina la Tlawi, kata ya Mbulu: koo hufungwa, hewa hubanwa mdomoni, ulimi huachia kwa mlio mkavu, halafu kimya kifupi kabla ya irabu. Anayeisikia vizuri anasikia kile kimya.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Mwaka 1946 mhandisi Dennis Gabor, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alichapisha maandishi juu ya nadharia ya mawasiliano. Alichukua hesabu ambazo Werner Heisenberg alizitumia mwaka 1927 kwa chembe ndogo za maada, akaonyesha kwamba zinaitawala sauti pia. Kusema sauti ina hezi ngapi ni kuhesabu mawimbi, na kuhesabu kunadai muda. Fikiria mtu aliyesimama pale zinapokutana barabara za Arusha, Dodoma na Singida. Akihesabu magari kwa dakika moja, hawezi kukwambia kama kwa saa yanapita 60 au 62. Inabidi akae.

Tufanye hesabu hiyo kwa sauti. Sauti moja ina hezi 1,000, nyingine 1,010. Ukizisikiliza kwa sekunde nzima, ya kwanza imepitisha mawimbi 1,000 na ya pili 1,010. Tofauti ni mawimbi kumi, kubwa mno. Zikate kwa milisekunde 10. Sasa ya kwanza imepitisha mawimbi 10, ya pili 10 na sehemu ya kumi ya wimbi. Karibu hakuna kilichobaki cha kutofautisha. Kadiri unavyoifupisha sauti ili ujue vizuri ilitokea lini, ndivyo unavyopoteza uwezo wa kusema ilikuwa ipi. Ndiyo maana kofi au kidoko cha Msandawe hakina noti. Mlio mfupi namna hiyo umesambaa kwenye masafa mengi, yaani hezi nyingi tofauti, kwa pamoja, na hakuna mwanamuziki atakayekuandikia kofi kwa do-re-mi. Gabor aliupa mpaka huo kipimo: upana wa sauti kwenye muda, ukizidishwa na upana wake kwenye masafa, hauwezi kushuka chini ya 0.08 hivi. Hakuna chombo kitakachoizuia sauti isisambae hivyo.

Ndani ya sikio, mapatano kati ya lini na ipi hufanyika kwenye koklea, kijimrija kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Ukikikunjua, utando wake una urefu wa kama milimita 35. Sauti za juu hutikisa mwanzo wa utando, karibu na mlango. Za chini husafiri hadi ndani. Georg von Békésy, naye mzaliwa wa Budapest, aliliona wimbi hilo likitembea kwenye masikio ya maiti aliyoyapasua, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Gabor alipata yake mwaka 1971, kwa kazi nyingine. Napenda kuwakumbuka pamoja: watoto wawili wa mji mmoja, waliopishana mwaka mmoja kuzaliwa, mmoja akatuonyesha mpaka wa sauti, mwingine chombo kinachoishi ndani ya mpaka huo.

Lakini sikio la maiti lilimwonyesha Békésy nusu tu ya habari. Utando aliouona ulitikisika kwa upana, kwa uvivu, kiasi kwamba usingeweza kuzitenga sauti za jirani jinsi mtu hai anavyozitenga. Thomas Gold alisema mwaka 1948 kwamba lazima sikio hai lina nguvu inayoongeza mtikisiko huo, na kwa muda mrefu hakusikilizwa. Mwaka 1978 David Kemp, huko London, akaweka kinasa sauti kidogo kwenye tundu la sikio na kukuta kwamba sikio lenyewe hutoa sauti. Leo watoto wachanga hupimwa kwa njia hiyo katika hospitali zenye kifaa. Nguvu ile inatoka kwenye seli zenye vinyweleo za safu ya nje, kiasi cha 12,000 katika kila sikio. Hizo hucheza na kusukuma utando. Seli nyingine kama 3,500 za safu ya ndani ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo.

Kila kipande cha utando ni chujio. Karibu na hezi 1,000 chujio hilo lina upana wa kama hezi 130; karibu na hezi 100, kama hezi 35; karibu na 4,000, zaidi ya 450. Chujio jembamba hutaja noti vizuri lakini huendelea kulia baada ya sauti kuisha, kama kengele. Chujio pana hunyamaza haraka lakini hutaja noti kwa kukisia. Sikio limegawa kazi: chini hutenganisha noti kwa uvumilivu, juu hukimbiza wakati. Sikiliza ngoma kubwa na kayamba vikipigwa pamoja. Kayamba ndiyo inayokupa mwendo, punje kwa punje. Ngoma kubwa inakuja na mzigo wake, inakaa kifuani, na huwezi kusema kwa ukali ule ule ilianza wapi.

Kwa hesabu hizi mtu angetarajia kwamba binadamu akipimwa kwa mambo mawili kwa pamoja atagonga mpaka wa Gabor na kuishia hapo. Mwaka 2013 Jacob Oppenheim na Marcelo Magnasco wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichapisha jaribio hilo. Waliwapa watu vijisauti vifupi na kuwataka waseme kwa wakati mmoja kipi kilitangulia na kipi kilikuwa juu. Wasikilizaji mara nyingi waliuvuka mpaka, wengine zaidi ya mara kumi, na sehemu kubwa ya ushindi huo ilitoka kwenye ukali wa kupima wakati.

Hakuna sheria ya maumbile iliyovunjwa. Fikiria kundi la ng'ombe linarudi jioni, vumbi limetanda. Gabor anatwambia upana wa vumbi. Hakuna wa kulipunguza. Lakini mchungaji aliyezoea akitazama vumbi lile atakuonyesha kwa kidole kundi lilipo katikati yake, kwa usahihi kuliko upana wa vumbi lenyewe. Chujio la kawaida haliwezi kuonyesha kidole hivyo. Ubongo unaweza, kwa sababu hauishii kwenye kuchuja. Unalinganisha, unatumia mdundo wa mishipa ya fahamu inayofuata mawimbi hadi elfu kadhaa kwa sekunde, na unatumia mazoea.

Na hapa nilirudi Nangara kwa mawazo, nikaona kwamba nilikuwa nimemshtaki asiyehusika. Mlio wa kwanza wa slee haukupita upesi mno kwa sikio langu. Msuguo wake unatosha kabisa kutofautishwa na s na sh. Mgawanyo wa masafa yake ni mwingine, na koklea yangu iliupokea kama koklea ya yule mtoto. Kizuizi kilikuwa mbele zaidi.

Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, Kanada, walichapisha utafiti ambao naona kila mzazi angepaswa kuujua. Waliwapima watoto wachanga kwa sauti ambazo wazazi wao hawazitumii. Baadhi zilitoka Kihindi, nyingine zilitoka lugha ya wenyeji wa asili wa Kanada: konsonanti mbili za koo lililofungwa, moja ya kaakaa laini, nyingine ya nyuma zaidi, za jamii ile ile ya sauti zinazosikika Babati na Mbulu. Watoto wa miezi 6 hadi 8 walizitofautisha vizuri. Walipofika miezi 10 hadi 12, wengi walikuwa wameacha. Hawakuwa viziwi. Ubongo wao ulikuwa umeamua ni tofauti zipi za kutunza nyumbani mwao, na zisizotumika ukaziweka kando.

Miaka minne baadaye Catherine Best na wenzake walijaribu vidoko vya Kizulu kwa Waamerika wasiojua neno lolote la Kizulu. Watu wazima walivitofautisha bila shida, na watoto pia. Maelezo yao naona yana nguvu: kidoko hakifanani na sauti yoyote ya Kiingereza, kwa hiyo hakuna kabati la zamani la kukitupia. Kinasikika jinsi kilivyo.

Hilo linaeleza jambo lililokuwa likinisumbua. Vidoko vya Kihadza na Kisandawe huonekana ndivyo vigumu kuliko vyote, na ulimi wa mgeni kweli unahangaika navyo. Lakini sikio la mgeni linavitenga mapema. Sauti za Kigorowa ndizo zinazoponyoka, kwa sababu zimekaa karibu na zetu. Sl inaingia kwenye kabati la s, tl inaingia kwenye kabati la k au t, mlango unafungwa, na mtu anaapa kwamba hajasikia tofauti. Lugha jirani inakuwa ngumu kwa ule ujirani wake.

Niseme pia juu ya mpaka ambao tunajiwekea kwa mikono. Zile seli za safu ya nje, zinazolifanya sikio hai kuwa kali kuliko la maiti, ndizo za mwanzo kuumia kwa kelele. Grenda ya fundi wa mageti, mashine ya kusaga ndani ya kibanda cha mabati, spika iliyowekwa mita mbili kutoka kwa mwenye duka: vyote hivi, kwa saa nyingi, vinaziua. Mtu haamki asubuhi akiwa kiziwi. Anaanza kusema, "nakusikia, ila sikuelewi, hasa kwenye watu wengi." Machujio yamepanuka, sauti ya mkewe na sauti ya televisheni zinaingia chujio moja. Kuku anayezunguka uani Nangara akipoteza seli hizo, zinaota upya. Watafiti walionyesha hivyo mwaka 1988 kwa kuku na kware. Za binadamu hazioti.

Siku ya tatu nilimrudia bibi. Sikumwomba alitaje neno tena. Nilimwomba anieleze ulimi wake unakaa wapi. Alifikiri kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza. "Unaubana hapa," akasema akigusa nyuma ya meno ya juu, "halafu pumzi unaiachia shavuni." Nikafanya hivyo. Hewa ikapita pembeni, baridi kwenye shavu. Akasema, "Ehe." Na baada ya ulimi kujua, sikio likaanza kufuata: alipotaja ng'ombe mara nyingine, kwa mara ya kwanza nilisikia kitu ambacho hakikuwa s wala l. Bado si safi. Mjukuu wake alipata bure, kabla hajatembea, kile ambacho mimi nakitafuta kwa jasho.

Kwa hiyo wewe unayelea mtoto Babati, Mbulu, Kondoa au popote penye lugha ya nyumbani: Kiswahili atakipata, shule na mtaa vitampa. Lugha ya bibi yake haitamsubiri. Mtoto akiwa bado mgongoni, hajatimiza mwaka, mpitishe karibu na zizi, umtajie ng'ombe kwa jina lake.